Kinyozi Hajinyoi: Historia ya Vijishipa Vilishavyo Mishipa

Wahenga walinena kuwa kinyozi hajinyoi. Walimtazama mtu mwenye wembe mkali na mkono mwepesi, apendezeshaye vichwa vya mji mzima, wakaona kuwa kichwa chake mwenyewe chamngoja kinyozi mwingine. Yamkini hawakufikiri kwamba methali yao yaeleza pia jambo lililomo kifuani mwa kila mwanadamu. Mshipa mkuu utokao moyoni, ambao wataalamu huuita aota, hupitisha damu ilishayo mwili wote, toka utosini hata unyayoni. Lakini ukuta wake hauwezi kushiba kwa damu hiyo ipitayo ndani yake. Ukuta ni mnene, na damu yapita kwa kasi. Tabaka za ndani tu, zigusanazo na mkondo, ndizo zipatazo riziki kwa kuifyonza. Tabaka za nje zingekufa njaa kando ya mto uliojaa, kama zisingekuwa na vijishipa vyake, vyembamba kuliko uzi, vitambaavyo juu ya ukuta na kuzama ndani yake.

Wazungu wa zamani waliviita vijishipa hivyo kwa Kilatini, vasa vasorum, maana yake vyombo vya vyombo. Kiswahili hakikuufananisha mshipa na chombo. Neno mshipa kwa asili hubeba mzigo mkubwa: ni njia ya damu, ni ukano, ni mshipa wa fahamu, na tena ni jina la maradhi ya ngiri na busha. Kamusi ya Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, ilikuta neno hili limekwisha kuenea namna hiyo. Baadaye shule zikaleta maneno ateri na vena ili mwanafunzi atofautishe mshipa utoao damu moyoni na ule uirudishao. Lakini vijishipa vya ukutani havikupata jina la watu wote. Kitu kisicho na jina ni vigumu kukiulizia, na vigumu zaidi kukiogopa. Na historia ya vijishipa hivi, tangu mwanzo wake, ni historia ya kitu kilichopitwa na macho ya watu waliokuwa wakitazama kikubwa kilicho karibu nacho.

Kwa karne nyingi utabibu ulifuata mafundisho ya Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya pili baada ya Kristo, aliyefundisha kuwa damu hutengenezwa katika ini na kutumika yote huko iendako, isirudi. Aliyethubutu kumpinga katika jambo kubwa alikuwa Ibn al-Nafis, mzaliwa wa nchi ya Sham aliyefanya kazi Cairo. Katika sherehe yake juu ya elimu ya viungo ya Ibn Sina, aliyoiandika mwaka 1242, alieleza kuwa damu haipenyi katika kiambaza cha moyo, bali hutoka upande wa kulia, hupita mapafuni, ndipo ifike upande wa kushoto. Katika kazi hiyohiyo aliandika jambo jingine ambalo kwa habari hii lina thamani kubwa zaidi. Ibn Sina alikuwa amedhani kwamba moyo hujilisha kwa damu iliyomo ndani ya vyumba vyake. Ibn al-Nafis alikanusha, akasema kuwa moyo hulishwa na mishipa iliyoenea katika mwili wake wenyewe. Hakusema lolote juu ya kuta za mishipa, lakini kanuni aliyoiona ni ile ile: kilichojaa damu si lazima kishibe kwa damu hiyo. Maandiko yake yalilala mpaka mwaka 1924, ndipo tabibu wa Kimisri, al-Tatawi, alipoyakuta katika maktaba mjini Berlin na kuyatangaza. Katika muda huo wa karibu miaka 700 watu walikuwa wameugundua ukweli uleule upya, kwa njia nyingine.

Njia hiyo ilifunguliwa na Mwingereza William Harvey mwaka 1628, alipothibitisha kuwa damu huzunguka. Lakini Harvey hakuweza kuonyesha ni wapi damu ivukapo kutoka ateri kwenda vena, kwa sababu vivuko hivyo havionekani kwa jicho tupu. Mwaka 1661, miaka minne baada ya kifo cha Harvey, Mtaliani Marcello Malpighi alitazama mapafu ya chura kwa hadubini, akaviona vivuko hivyo, ambavyo leo huitwa kapilari. Mjini Amsterdam naye Frederik Ruysch alikuwa na ufundi wa kujaza mishipa ya maiti kwa nta yenye rangi, hata vijishipa ambavyo jicho halikuwa limeviona vikajitokeza kama maandishi juu ya karatasi. Ufundi wake ulisifika hata Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, akainunua hazina yake yote ya viungo mwaka 1717. Ni kwa hadubini na nta, basi, wataalamu walipata kuona kuwa ukuta wa mshipa si bomba tu, bali ni kiungo chenye uhai, chenye kula na kunywa.

Kuviona ni jambo moja, na kujua kazi yake ni jambo la pili. Mwaka 1876 Mjerumani Koester aliandika kuwa ameviona vijishipa hivyo ndani ya mafuta na makovu yagandayo katika ateri za wagonjwa, mahali ambapo katika ateri nzima havimo. Mwaka 1938 Winternitz na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa vijishipa hivyo vipya ni dhaifu. Hupasuka, na damu yake huvuja ndani ya ukuta na kuuvimbisha. Mwaka 1967 Wolinsky na Glagov, wa Chicago, walihesabu tabaka za ukuta wa aota katika wanyama wa kila kimo, tangu panya. Waliona kuwa ukuta wenye tabaka 29 au pungufu waweza kuishi pasipo vijishipa katika sehemu yake ya kati, nao unaozidi hapo hauwezi. Sehemu ya kifuani ya aota ya binadamu imezidi mpaka huo kwa mbali, nayo ina vijishipa. Sehemu ya tumboni ipo karibu na mpaka wenyewe, na vijishipa vyake ni haba; wala si ajabu kuwa huko ndiko aota hututumka mara nyingi uzeeni. Hatimaye mwaka 1984 Barger na wenzake wa Harvard walijaza dawa ya kuonyesha mishipa katika mioyo ya watu waliokufa, wakakuta kichaka kizima cha vijishipa pale ateri ilipougua, na uchache wake pale ilipokuwa nzima. Wakatoa rai kwamba pigo la moyo huenda likaanzia huko ukutani, wala si katika mkondo peke yake.

Ugonjwa ulioonyesha ukweli huu kwa ukatili kuliko yote ni kaswende. Kijidudu chake, kilichogunduliwa na Wajerumani Schaudinn na Hoffmann mwaka 1905, hakikushambulia aota kwa kupitia mkondo wake mkubwa. Kiliingia katika vijishipa vya ukuta, kikaviziba kimoja kimoja. Ukuta ukakosa chakula, nguvu yake ikaliwa na makovu, na baada ya miaka kumi, ishirini au thelathini ukatutumka kama tairi lililochakaa, mpaka siku ya kupasuka. Kwa muda wote huo damu ilikuwa ikipita ndani yake, tele na nyekundu kama kawaida. Penisilini, iliyoanza kutumiwa dhidi ya kaswende mwaka 1943, iliupunguza ugonjwa huu wa aota hata matabibu wengi wa leo hawajauona. Funzo lake lakini halikupita: mshipa mkubwa waweza kufa kwa ajili ya mdogo.

Sasa yafaa kuugeukia mji wa Dar es Salaam, na hasa pande zake za Temeke na Kinondoni, maana ndiko elimu hii inakodaiwa kazi. Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb iliuchorea mji ramani kuu. Baada ya Vita Kuu ya pili, Magomeni, Temeke na Kinondoni ziligawanywa viwanja kwa ajili ya Waafrika waliozidi kumiminika mjini. Hesabu ya mwaka 1957 ilikuta watu 128,742 katika mji mzima. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika mkoa. Barabara kuu za Kilwa, Morogoro na Bagamoyo zimebaki kuwa ndizo mishipa mikubwa ya pande hizo, na kando yake mitaa imejaa: Mtoni, Mbagala, Tandika, Manzese, Tandale, Mwananyamala. Aliyekaa huko aijua hali ya mtu ambaye malori ya mizigo humpita mlangoni usiku kucha, naye hana njia ya kufikisha mgonjwa barabarani mvua inyeshapo.

Hospitali kuu ilikuwa mbali na mitaa hiyo tangu mwanzo. Hospitali ya Sewa Haji ilijengwa mjini mwaka 1897 kwa mali ya tajiri aliyeipa jina lake. Muhimbili ikafunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na shule ya utabibu ikaanzishwa hapo mwaka 1963. Humo ndimo walimopita matabibu waliokuja kuuliza swali ambalo hakuna hospitali iwezayo kulijibu ikiwa imekaa kitako: je, watu wafao majumbani, pasipo kufika wodini, wafa kwa nini?

Mwaka 1992 Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianza kuhesabu vifo nyumba kwa nyumba katika sehemu tatu: baadhi ya mitaa ya Ilala na Temeke, wilaya ya Hai, na Morogoro Vijijini. Njia iliyotumiwa yastahili kukumbukwa na kila msomi wa historia, kwa kuwa msingi wake ulikuwa masimulizi. Kifo kilipotokea, mwulizaji aliwaendea wafiwa, akakaa nao, akasikiliza jinsi marehemu alivyougua: alianza lini, aliumwa wapi, mkono upi ulilegea, ulimi ulimzuia au haukumzuia. Matabibu wakayasoma maelezo hayo na kupambanua sababu ya kifo. Kwa hiyo hati za kwanza za maradhi ya mishipa katika mitaa ya Dar es Salaam zilitoka vinywani mwa wajane, watoto na majirani.

Matokeo ya miaka 1992 hadi 1995, yaliyotangazwa mwaka 2000, yaliwashtua wengi. Katika kila watu 100,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kwa mwaka wanaume 65 na wanawake 88 mjini Dar es Salaam. Hai wanaume 44 na wanawake 33. Morogoro Vijijini wanaume 35 na wanawake 27. Huko England na Wales, mwaka 1993, hesabu ya umri huohuo ilikuwa kama 11 kwa wanaume na 9 kwa wanawake. Kwa muda mrefu ilikuwa imesemwa kuwa maradhi ya mishipa ni ya Wazungu na matajiri, nayo yaliyo ya Mwafrika ni homa na kuhara. Hesabu hizi zilivunja maneno hayo. Mwanamke wa mjini Dar es Salaam, katika umri wa kulea na kuchuma, alikuwa katika hatari ya kufa kwa kiharusi mara kumi kuliko mwenzake wa England. Uchunguzi mwingine uliofuata, wa mwaka 2003 hadi 2006, ulilinganisha walioanza kuugua, wala si waliokufa tu. Nao ulikuta, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya 315.9 kwa kila watu 100,000 mjini Dar es Salaam, na 108.6 huko Hai.

Hapana budi kusema kwa uangalifu kuwa si kila kiharusi kitokacho katika vijishipa vya ukutani. Kingine huletwa na ateri ndogo za ubongo zenyewe, na kingine na damu iliyoganda moyoni. Lakini chanzo kikubwa cha hatari hiyo ni msukumo mkubwa wa damu, na msukumo huo huutesa ukuta. Damu isukumapo kwa nguvu kupita kiasi, ukuta huongezeka unene ili ustahimili; ukiisha kunenepa, wahitaji chakula zaidi; na papo hapo vijishipa vilivyozama ndani yake hubanwa, visiweze kukileta. Ukuta hufanya kazi kubwa zaidi kwa posho ndogo zaidi. Nao hautoi sauti, kwa sababu mwenye mshipa huo hasikii maumivu yo yote.

Kimya hicho ndicho kiini cha msiba wa Temeke na Kinondoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu 9,254 wa Dar es Salaam, wa umri wa miaka 25 hadi 64, walipimwa msukumo wa damu majumbani mwao. Waliokutwa na msukumo mkubwa wa kudumu, wasio na matibabu, walikuwa 161, nao wakashauriwa kwenda kwa waganga wa zahanati au hospitali. Mwaka mmoja baadaye, karibu theluthi moja tu walikuwa wamekwenda, na walioendelea na dawa walikuwa wachache mno. Sababu zao zilikuwa nyepesi kueleweka: hawakuhisi ugonjwa, na tiba ilitaka fedha. Hospitali za serikali zilikuwa zimeanza kutoza malipo mwaka 1993. Mtu aamkaye alfajiri kuuza vitumbua apate unga wa jioni hawezi kulaumiwa upesi kwa kutonunua dawa ya ugonjwa asiousikia.

Tena palikuwa na tatizo la maneno. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha jambo ambalo wengi hawakulitazamia: huko Hai, shambani, watu walikieleza kiharusi kwa habari ya msukumo wa damu, vyakula vya mafuta na fikira nyingi, lakini mjini Dar es Salaam wengi walikitaja kuwa kazi ya mashetani na uchawi. Asidhani mtu kuwa huu ni upumbavu. Jambo likimwangusha mtu mzima ghafla, likamkunja mdomo na kumfunga ulimi, akili hutafuta mpigaji. Lugha yenyewe yasema mtu amepigwa na kiharusi, wala haisemi kiharusi kimekua ndani yake miaka ishirini. Vivyo hivyo watu wametenga presha ya kupanda na presha ya kushuka, kana kwamba ni magonjwa mawili yajayo na kuondoka kama mgeni. Na mwenye dawa huiacha siku ajionapo mzima, akidhani mgeni amekwisha kwenda. Wataalamu walitoa jina la shinikizo la damu, likaingia vitabuni, lakini mtaani latajwa zaidi redioni kuliko barazani.

Kutokana na hayo yote msomaji ataona ulinganifu kati ya mwili na mji. Mwaka 2015 Tanzania ilianzisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapo Muhimbili, na upasuaji ambao zamani ulimpeleka mgonjwa India sasa hufanyika nyumbani. Hiyo ni fahari ya kweli. Lakini mgonjwa wa Mbagala hafiki huko ila ukuta wake umekwisha kupasuka. Kinachoweza kumfikia kabla ya hapo ni zahanati ya mtaa wake, yenye kipimo cha mkononi, muuguzi ajuaye jina lake, na dawa isiyokatika. Katika miaka ya 1990 mradi wa afya wa jiji, kwa msaada wa Uswisi, ulitengeneza upya zahanati nyingi za Dar es Salaam kwa kuuona ukweli huu. Na hospitali za Temeke na Mwananyamala zikapandishwa daraja ili ziipunguzie Muhimbili mzigo. Pale zahanati zilipo na dawa, ukuta hulishwa. Pale zilipo jengo tupu, taasisi kubwa hubaki kama aota iliyojaa damu, na kando yake watu wafa njaa ya tiba.

Na iko sehemu ya kazi hii isiyoweza kufanywa na tabibu peke yake. Waliohesabu vifo mwaka 1992 walitegemea Kiswahili cha wafiwa. Wanaotaka kuzuia vifo hawana budi kutegemea Kiswahili cha walio hai. Yahitajiwa maneno yatakayomwonyesha mtu wa Tandika kuwa mshipa una ukuta, na ukuta una vijishipa vyake, na kwamba mgonjwa wa presha aweza kujiona mzima huku ukuta wake ukifa njaa. Methali za kale zimeacha njia nusu yake imekwisha kukatwa. Ajuaye kuwa kinyozi hajinyoi hahitaji kufundishwa kwa siku nyingi kuwa mshipa haujilishi. Na aliyekua akiambiwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta amekwisha kuambiwa nusu ya somo la shinikizo la damu; imebaki kuambiwa kuwa ufa huu haumlikiwi kwa taa, bali hupimwa kwa kipimo, na kuwa ukuta wa mshipa haujengwi mara ya pili.